Firigisi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Juni 1956

Ukungu tangu asubuhi. Nimechuma chai kutwa nzima bila kumwona mtu wa mstari wa pili. Aproni ya gunia imelowa, suruali imelowa, hata tumbaku mfukoni imelowa. Mimi ni mtu wa Kyela. Kwetu ziwani jua linaivisha mpunga na watu. Hapa Mufindi jua ni hadithi ya wazee. Kwenye ukungu nyapara hanioni, lakini nikikohoa anajua nimesimama.

Leo kuna habari kubwa. Injinia mpya wa kiwanda amefika. Mzungu mrefu, Kiswahili hajui hata kuomba maji. Anataka watu wanne wa kuhudumia mashine mpya, watu wanaosikia Kiingereza. Kiwandani! Chini ya bati! Karibu na tanuri la kukaushia chai! Siku moja nilipita mlango ule, joto likanipiga usoni, nikataka kulia. Kazi ile naitaka. Sijataka kitu hivi tangu nilipotaka kuoa, na kuoa kulinishinda.

Jioni darasani. Anayetufundisha Kiingereza sisi wafanyakazi ni Mwalimu Eliezeri, Mbena wa Njombe. Amekuja na mtindo mpya. Hataki tena tuimbe maneno nyuma yake kama kwaya. Ametugawa watu wanne wanne, magoti yagusane. Kila mmoja anapewa fungu lake la maneno, alishike, kisha awafundishe wenzake. Jumamosi ya wiki ijayo injinia atakuja. Atamnyooshea kidole amtakaye, amuulize la fungu lolote. Akijibu, kikundi kimefaulu. Akishindwa, wote wanne wameanguka. Kusaidiana ruksa, ila kwa Kiingereza tupu. Kikundi kimoja tu ndicho kitakachochukuliwa, kizimakizima.

Kizimakizima! Na mimi nimetupiwa nani? Liberatus, Mhehe wa Idodi, Mkatoliki mwema asiyejua kukasirika. Huyo sawa. Wa nne hajapatikana. Na wa tatu ni Mzee Asukile.

Mzee Asukile ni Mnyakyusa mwenzangu, tunalala kibanda kimoja. Maneno anayo. Lakini mwalimu akimtaja, anatazama vidole vyake vya miguu, jasho linamtoka kwenye baridi hii, kimya. Leo aliulizwa jina lake kwa Kiingereza. Jina lake mwenyewe! Kimya. Marcelino, mkubwa wa kikundi cha dirishani, akauliza kama mzee amelisahau jina kibandani, mtu akimbie akalilete. Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikakumbuka ni wa kikundi changu.

Mwalimu amesema tuandike kila siku kwenye daftari. Hakusema lugha gani.

Jumatano, 6 Juni

Nimepata akili! Mzee akiulizwa, yeye afungue kinywa tu. Mimi nyuma yake nitatoa sauti. Nilimweleza njiani. Akasema, "Isakwisa, huo ni uongo." Nikamwambia ni ushirikiano, mwalimu mwenyewe kauagiza.

Mara ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Mwalimu akauliza, mzee akapanua kinywa, Kiingereza kikatoka. Mwalimu akafurahi, akauliza tena. Hapo kifua kikanikamata. Darasa zima likamsikia Mzee Asukile akikohoa kinywa kikiwa kimefungwa.

Nimehamishiwa mbele, kiti cha peke yangu, hadi kipindi kilipokwisha.

Alhamisi, 7 Juni

Nilimfuata Marcelino kwenye mistari ya chai. Nikamwomba tubadilishane watu. Yeye anipe Didas, anayejua kuhesabu kwa Kiingereza mpaka mia moja bila kupumua. Mimi nimpe Mzee Asukile, na juu yake blanketi langu.

Marcelino akafikiri. Akasema blanketi atalichukua, mzee nibaki naye. Kisha akapaza sauti kwenye ukungu: "Jamani, mzee anauzwa huku! Anakuja na blanketi!"

Mpaka mchana mistari yote ilikuwa inaulizana bei.

Mzee alisikia. Jioni kanipakulia ugali kama kawaida, tena sehemu ya juu yenye mvuke. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Juni

Wageni! Anyitike, mtoto wa kaka yake Mzee Asukile, amekuja kutoka Rungwe kufanya kazi kwenye msumeno wa mbao. Amekuja na mkewe, Atuganile. Mke hatukumwona, naye hakutuona. Alipitishwa njia ya nyuma, akaingizwa nyumba ya jirani. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa. Mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Na baba mkwe si mmoja. Ndugu zake wote wa kiume ni baba wakwe vilevile, wote wanaepukwa.

Mzee Asukile akachinja jogoo wake wa pekee. Nilikaa karibu na chungu. Anyitike akanitazama, akauliza kwa adabu huyu mwenzetu ni nani.

Nilikuwa nimekwisha kuiona firigisi. Firigisi ni ya baba, mgeni au rafiki hapewi. Nikasema, "Mwanangu, mimi ni baba yako mdogo. Asukile huyu ni kaka yangu, ukoo mmoja, tumbo moja." Anyitike akainama kunisalimu upya, kwa heshima. Mzee akanitazama. Akatabasamu. Akaikata firigisi katikati, nusu yake, nusu yangu.

Firigisi tamu sana.

Tukiwa tunanawa, Anyitike akajisifu kwamba mkewe alisoma shule ya misheni, na alikuwa akiongea Kiingereza na nesi wa Kizungu kama dada na dada. Masikio yakanisimama. Wa nne wetu huyo!

Ndipo nikaona uzuri wa jambo lote. Atuganile akiingia, mkwewe hawezi kukaa. Mzee Asukile atatoka mwenyewe. Simfukuzi mimi. Mila inamfukuza, mimi nashika mlango tu. Halafu naomba Didas ajaze nafasi.

Nimekwenda kwa mwalimu kabla jua halijazama. Amelipokea jina kwa furaha, akanisifu kwa kuwajali wenzangu. Mzee sijamwambia.

Jumatatu, 11 Juni

Naandika kama ilivyokuwa.

Tulikuwa tumekaa magoti kwa magoti. Atuganile akafika mlangoni, mumewe akimsindikiza. Akaona mgongo wa Mzee Asukile. Sijapata kuona mtu akigeuka upesi vile! Nguo kichwani, akatoweka nyuma ya ukuta. Mzee naye alikuwa amekwisha kujifunika uso kwa kofia. Darasa zima limesimama, mwalimu anauliza kuna nyoka wapi.

Nikainuka taratibu, mkono kifuani. Nikamweleza mwalimu mila yetu. Nikasema inauma, mzee wetu tunampenda, lakini mila ni mila, itabidi atupishe. Hata sauti niliitetemesha kidogo mwishoni.

Mzee Asukile akasimama chini ya kofia yake. Akasema kwa Kiswahili, polepole, kwamba ni kweli, yeye atoke. Alikuwa amefika nusu ya njia aliposimama. Akasema, "Na huyu pia."

Nikauliza huyu nani.

"Wewe. Si mdogo wangu?"

Nikacheka. Nikasema ile ilikuwa namna ya kusema tu, watu wa ugenini huitana ndugu. Basi kichwa cha Anyitike kikaingia dirishani. "Baba mdogo," akaniuliza mbele ya watu wote, "na firigisi uliila kwa namna ya kusema?"

Marcelino alianguka kutoka kwenye benchi. Kweli kabisa, chini, akipiga sakafu kwa kiganja.

Nilifikiri mwalimu atatuondoa wote wawili. Nilimwona akihesabu vichwa. Kama angetuondoa, basi: mimi na mistari ya chai mpaka kifua kipasuke. Akawa anazunguka, mikono nyuma. Mwishowe akasema darasani mwake mila ya mtu haivunjwi na kikundi hakivunjwi. Akamtuma Liberatus kwenye lori la chai nje alete turubai.

Limefungwa kwenye boriti, limeshuka hadi chini. Upande huu sisi baba wakwe wawili, tumetazama ukuta. Upande ule Atuganile, ameingia kwa mlango wa nyuma. Katikati, penye ncha ya turubai, Liberatus, jicho moja huku, jicho moja kule. Marcelino amempa jina la Posta.

Jumatano, 13 Juni

Mafungu yetu ni haya. Liberatus ana maneno ya kunyausha majani. Mimi nina ya mashine ya kusokota. Mzee ana ya kuchachusha. Atuganile ana ya tanuri. Yeye humfundisha Liberatus kwa sauti, Liberatus hutuletea. Sisi tunamjibu Liberatus. Hakuna aliyesema na mkwewe.

Mwanzoni mzee alikataa. Alisema sauti yake itapita kwenye turubai, na sauti nayo ni mtu. Tukakaa. Vikundi vingine vinasonga mbele, sisi tunatazama ukuta kama waliofungwa. Siku tatu zimebaki! Niliuma kola ya shati.

Kisha Liberatus akamwuliza kwa Kiingereza, bila kumtazama, jina lake ni nani.

Mzee akauambia ukuta jina lake. Kwa Kiingereza, sentensi nzima, mwanzo hadi mwisho.

Liberatus alisahau kupeleka jibu upande wa pili. Mzee akavua kofia, akasema kwa Kinyakyusa, nami peke yangu nilimwelewa, kwamba amefikiri tangu juzi. Maneno haya si yetu, ni ya kuazima. "Kwa Kiingereza mimi si mkwe wa mtu." Na ukuta, akasema, haumchekei mtu.

Baada ya hapo hakunyamaza! Anauliza, anajibu, anarudia. Anausemesha ukuta kama shemeji yake. Mimi nilikaa pembeni na wivu wangu. Siwezi kusema nilifurahi.

Zamu yangu ya kufundisha ilipofika, nilitoa nusu ya fungu langu. Nusu nimeificha. Mtu akimwaga yote, nani atamhitaji? Na mafungu ya wenzangu sikuyasumbukia. Kichwa cha mchuma chai jioni ni gunia lililojaa. Wakirudia pamoja, mimi nashika neno la mwisho na kulipiga kwa nguvu. Mwalimu amesifu sauti yangu.

Ijumaa, 15 Juni

Kesho!

Leo Mzee Asukile alirudia fungu langu la mashine ya kusokota. Lote. Hata nusu niliyoificha! Nikamwuliza kalipata wapi. Kumbe nalisema peke yangu nikichuma chai. Anasema kwenye ukungu sauti haina pa kwenda, inarudi kwa jirani. Ameshawapa na wenzake. Amenishukuru kwa kufundisha hata kazini.

Mwizi! Lakini amenishukuru mbele ya mwalimu, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Liberatus akaniomba nirudie la tanuri, angalau mara moja. Nikamwambia injinia hawezi kunielekezea mimi. Kidole kinatafuta mnyonge, na mimi nakaa kifua mbele. Akasema, "Haya, Posta inafunga."

Jumamosi, 16 Juni

Mvua juu ya bati. Injinia aliingia akiinama mlangoni.

Kikundi cha dirishani kikaanza. Kidole kikamwangukia Didas. Aliulizwa afanye nini mkanda wa mashine ukikatika. Didas akameza mate, akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, kwa Kiingereza safi, wala hakushikika. Wenzake wawili wakamtazama Marcelino. Siku zote ni Marcelino aliyesema kwa niaba yao, wao vinywa vyao vilikuwa havijafunguliwa. Marcelino alilijua jibu, nililiona linamchemka mdomoni. Lakini alilia tu kwa Kiswahili, "Nyamaza, we mjinga!" Kiswahili. Basi, wameanguka.

Nilicheka moyoni. Kisha zamu yetu.

Injinia akalitazama turubai. Akatazama migongo yetu miwili. Mwalimu akamweleza kitu kirefu kwa Kiingereza. Injinia akazunguka mbele yetu, penye ukuta. Mzee Asukile alikuwa ananong'ona maneno yake. Mimi nilitoa kifua mbele.

Kidole kikaja kwangu.

Swali refu. Nilisikia neno moja tu, moto. La tanuri! Nikasema, "Yes, sir." Akangoja. Akauliza tena, polepole. "Yes, sir!" nikasema, kwa nguvu zaidi.

Sauti ikaniishia hapo. Ile sauti yangu yote, iliyosifiwa. Nilitafuta ndani, hamna hata neno. Nikasikia mvua. Nikasikia viti vya vikundi vingine vikilia, watu wakijinyoosha wanione. Niliona mistari ya chai, mirefu, na mimi ndani yake na aproni ya gunia, nikikohoa nyapara anijue. Na watu watatu nimewavuta pamoja nami. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Sikujua kama vina umbo lile.

Atuganile alikuwa na jibu, pale, nyuma ya turubai, hatua mbili. Hawezi kunisemesha. Mimi ni baba mkwe.

Ndipo Mzee Asukile akageuka. Hakuutazama ukuta, alimtazama Liberatus usoni, mbele ya Mzungu na watu wote. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba Isakwisa hajui, uliza upande wa pili. Liberatus akauliza. Sauti ya Atuganile ikajibu, fupi, wazi. Liberatus akaileta. Mzee akaipokea, akanipa neno kwa neno, kama anavyolishwa uji mgonjwa. Nami nikampa injinia: chai ikianza kutoa moshi tanurini, funga hewa, simamisha mashine, mwite bwana injinia.

Injinia akalitazama turubai tena. Nilihesabu tumeanguka. Mzee alikuwa amenishika kiwiko, sijui alianza lini.

Kisha yule mtu akajipiga paja akacheka! Akasema maneno mengi. Mwalimu akatutafsiria huku macho yake yamelowa. Kiwandani mashine zinanguruma, mtu wa chumba hiki hamsikii wa kile. Amehangaika kupata watu wanaoweza kupokezana neno kutoka chumba hadi chumba lisiharibike njiani. Hawa ndio.

Tumefaulu! Nilimpitia Marcelino mlangoni, nikamwambia huo ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Jumatano, 20 Juni

Siku ya tatu kiwandani.

Injinia ametupanga kama alivyotukuta, hataki kugusa kitu kinachofanya kazi. Atuganile yuko kwenye tanuri. Liberatus kwenye mlango kati ya vyumba viwili, tayari amenenepa. Mzee Asukile upande huu wa ukuta, kwenye mashine ya kusokota, na ukuta wenyewe una joto, anauegemea akipumzika. Asubuhi anamsalimia injinia kwa Kiingereza kabla injinia hajafungua kinywa. Mzee yuleyule!

Na wa mwisho kwenye mstari ni mimi. Nje. Jukwaani, lori linapoteremsha majani mabichi. Bati linaishia kwenye pua ya lori. Ukuta hakuna. Ukungu unaingia upande huu, unanizunguka, unatokea upande ule. Kutoka hapa naona mlango wa tanuri. Ukifunguliwa, joto linakuja hadi kwa Liberatus, linageuka.

Nilimwomba mwalimu anisemee nihamishiwe tanurini, kifua kinauma. Akaniuliza, na mkweo je? Nikamwomba Liberatus. Akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, baba mkwe!" akarudi kwenye joto. Kiwanda kizima sasa kinaiheshimu mila ya Wanyakyusa kuliko Wanyakyusa. Marcelino akileta tenga lake la majani ananiinamia na kuuliza wakwe hawajambo.

Mchana mzee aliniletea chai ya moto kwenye kopo. Akasema, "Pole, mdogo wangu." Sikujua anasema kwa namna gani.

Lakini nimekaa hapa na ukungu nikafikiri, na jibu nimelipata. Ni rahisi hata nashangaa. Baba mkwe anaepukwa. Kaka wa mke haepukwi! Kaka anaweza kukaa tanurini na dada yake mchana kutwa. Jumapili hii Anyitike anachinja kuku wa shukrani, watu wote watakuwapo. Nitasimama niseme mama yangu alitoka ukoo wa Atuganile, kwamba mimi ni kaka yake kabisa, na yale ya baba mdogo yalikuwa makosa ya ulimi. Maneno nimeyapanga yote. Jumatatu niko tanurini.

Ila nitasimama baada ya chakula, si kabla. Firigisi hupewa baba.